Wacheni Kusema "Walikanyagana"

Wasee, jaribuni hii: simama ghafla pale Tom Mboya Street saa kumi na mbili jioni ujibu meseji. Wa nyuma anakugonga. Wa nyuma yake anakata kushoto, anapatana uso kwa uso na mama mwenye mizigo, naye mama anasimama. Ni kama jam ya Thika Road: mmoja anagusa breki huko mbele, mia wanasimama huku nyuma, na mkifika hapo hamuoni hata ajali.

Sasa ondoa nafasi ya kukwepa. Halafu ongeza watu maelfu.

Tarehe 12 Januari 2006, huko Mina karibu na Makka, mahujaji walikuwa wanaingia Daraja la Jamarat kurusha mawe. Zaidi ya 340 walikufa. Stori tuliyozoea ni ile ile: watu walipaniki, wakakimbia, wakakanyagana. Lakini kulikuwa na kamera. Mtafiti Mjerumani, Dirk Helbing, na wenzake walichambua hiyo video na kutoa matokeo mwaka wa 2007.

Waliona nini? Mwanzo umati ulikuwa unatiririka poa. Halafu mwendo ukapungua, ukaanza kuja kwa mawimbi: simama, songa, simama. Mwishowe hata mawimbi yakavunjika, watu wakawa wanasukumwa mbele, nyuma na kando bila kupenda. Wakifika kama saba kwa mita moja mraba, miguu si yako tena. Mtu akianguka mbele yako, huwezi kusimama hata ukitaka. Na katika maafa kama haya, wengi hufa kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa wima.

Dawa haikuwa mahubiri. Daraja la zamani lilibomolewa, likajengwa la ghorofa kadhaa, na njia zikawa za upande mmoja ili wanaokuja wasikutane na wanaorudi. Lakini tarehe 24 Septemba 2015, mbali kidogo na daraja hilo, mikondo miwili ya mahujaji ilikutana kwenye makutano ya barabara. Serikali ya Saudia ilitaja vifo 769. Hesabu za vyombo vya habari zilipita 2,000.

Kwa nini neno ni muhimu? Uliza familia za Hillsborough, Uingereza. Mwaka wa 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa uwanjani, na 97 wakapoteza maisha. Polisi waliwalaumu wao wenyewe, eti walevi. Ilichukua miaka 27, hadi 2016, uchunguzi wa mahakama kusema mashabiki hawakuwa na kosa.

Na sisi je? Oktoba 2010, mechi ya Gor na AFC uwanjani Nyayo, watu 7 walikufa wakijaribu kuingia. Februari 2020, Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwenye ngazi wakitoka kwenda nyumbani. Tukasema "mkanyagano", tukaendelea na maisha. Hilo neno linaweka kosa kwenye miguu ya marehemu.

Mtoto wa shule hakuchora ramani ya ngazi. Shabiki wa Gor hakuamua geti ngapi zifunguliwe. Siku nyingine ukisikia "walikanyagana", uliza: njia ilikuwa na upana gani? Wanaotoka walipitia wapi? Na mwendo ulipoanza kupungua, nani alikuwa anaangalia?