Kodi ya Mnywa Sere na Mchango Wako

Ndugu wa nyumbani na mlio mbali, kabla hatujawaomba mchango wa mwaka huu, tukumbushane historia yetu.

Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda. Misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika hapa, mingine ikaenda Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Watemi wa njiani walitoza hongo, lakini wafanyabiashara Waarabu waliokaa Unyanyembe walisamehewa kodi na Ntemi Fundikira. Mwanawe, Mnywa Sere, aliporithi kiti akaitoza kodi mali yao. Wakashika bunduki, wakamfukuza, wakamsimika Mkasiwa. Mnywa Sere alitangatanga hadi alipouawa mwaka 1865.

Mkasiwa alikuwa na kiti, lakini waliomweka ndio aliolazimika kuwaridhisha. Hali hiyo ilijirudia. Ntemi Isike alikufa mwaka 1893 akipigana na Wajerumani. Baadaye, chini ya Waingereza, watemi walikusanya kodi kwa raia na kujieleza kwa Bwana DC. Hata baada ya Uhuru, mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na kazi zake zikahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Zilirudi mwaka 1984, kwa sheria za mwaka 1982. Sheria hizo zinautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ana sauti.

Sauti hiyo tunaihitaji. Mara ngapi wananchi wamejenga boma la darasa hadi kwenye lenta, likabaki bila bati? Ukiuliza kijijini, unaambiwa nenda halmashauri. Halmashauri wanasema fedha hazijaletwa. Mwananchi anapigwa danadana, na mvua inabomoa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Ngazi hizo zikikaa meza moja na kusema wazi nani analeta nini na lini, boma linaezekwa.

Nasi hatuna ruhusa ya kujitoa katika somo hili. Chama hiki kimewekwa na wanachama, hivyo kinawajibika kwenu. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na kusomwa mkutanoni, na mtendaji wa kijiji na diwani wataalikwa kusikiliza na kujibu yanayowahusu.

Karibuni mchange. Mkishachanga, karibuni mtuulize.