Singizio Lililojibiwa kwa Vitendo

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja heshima za watu. Mwaka 1895 huko Marekani, Jacks, mkuu wa chama cha wenye magazeti wa jimbo la Missouri, alimwandikia bibi mmoja wa Uingereza akiwasingizia wanawake weusi kuwa ni wezi, waongo na malaya.

Sababu yake ni nini? Ida B. Wells, mwanamke mweusi mwandishi wa habari, alikwenda Uingereza mwaka 1893 na tena 1894, akaeleza jinsi watu weusi wa Marekani walivyokuwa wakiuawa na makundi ya watu bila ya hukumu. Badala ya kujibu hoja, Jacks akashika kuvunja heshima.

Barua ile ikafika Boston kwa Josephine St. Pierre Ruffin, mama mweusi mhariri wa gazeti la wanawake. Hakuitia gazetini, maana ilikuwa chafu. Wala hakuificha. Aliipeleka kwa vyama vya wanawake weusi, akataka rai zao, akawaita mkutanoni. Wakakutana Boston mwezi wa Julai mwaka huo huo.

Vyama vidogo vidogo vilikuwapo tangu hapo. Kilichokosekana ni umoja. Julai 1896, mjini Washington, miungano miwili ikawa mmoja, kikazaliwa Chama cha Taifa cha Wanawake Weusi. Rais wake wa kwanza alikuwa Mary Church Terrell, binti wa wazee waliozaliwa utumwani. Naye Harriet Tubman, aliyekimbia utumwa mwaka 1849 kisha akarudi mara nyingi kuwatorosha wenziwe, alihudhuria akiwa bibi mzee, wakamtukuza.

Shabaha yao ilikuwa: tukipanda, twapandisha na wenzetu. Wakafungua vyuo vya watoto wadogo ili mama zao wapate kwenda kazini, wakatunza wazee na mayatima. Tusi halikujibiwa kwa tusi.

Basi tujiulize nafsi zetu. Jina la binti wa watu likichafuliwa mtaani, ni wangapi kati yetu hulipokea barazani na kulipitisha mbele, wakisema, "Mimi nimesikia tu"? Bibi Ruffin naye alisikia. Lakini uchafu ule haukupita mikononi mwake kwenda sokoni. Uliishia katika kazi ya kheri. Kusikia hatuwezi kukuzuia, ila kupitisha kuko mikononi mwetu.