Bibi akijifungua, baba ana haki ya siku 2 za konje zenye kulipwa

Katika teritware za Masisi na Walikale, wababa wengi wenye kufanya kazi ya mshahara hawajui kama sheria inawapa ruhusa wakati mtoto anazaliwa. Wengine wanaogopa kuomba, juu mkubwa wa kazi anaweza kuwajibu: « Ni wewe umezaa? » Tuangalie vile sheria inasema.

Sheria inasema nini?

Sheria ya kazi ya Kongo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ilibadilishwa sehemu fulani mwaka 2016. Kipengele cha 146 kinaongelea konje za matukio ya familia, kama ndoa, kifo na uzazi. Bibi ya mfanyakazi akijifungua, baba anapewa siku 2 za kazi, na bwana kazi anapashwa kumulipa kama kawaida. Siku ya yenga haihesabiwi.

Mama mwenye kufanya kazi yeye anapata wiki 14, na analipwa mbili ya tatu ya mshahara wake.

Siku 2 zinatosha?

Kwa mtu wa mjini, pengine. Lakini mwenye kufanya kazi Bisie na bibi yake yuko materinite ya Walikale-Centre, njia peke yake inaweza kumaliza hizo siku. Na kama mama amepasuliwa, ni nani atabaki naye, atafute dawa na kuangalia watoto wengine nyumbani? Majirani wetu wanatoa zaidi: Tanzania angalau siku 3, Uganda siku 4 za kazi, Kenya wiki 2. Kwetu, siku 2 ni kiwango cha chini. Kontra ao mapatano ya kampuni na wafanyakazi yanaweza kuongeza, lakini hayawezi kupunguza.

Nani anahusika?

Ni mwenye kufanya kazi chini ya bwana kazi: kampuni, shirika, shamba la ng'ombe, duka. Wafanyakazi wa serkali wenye matrikule, polisi na wanajeshi wana sheria zao.

Kukosa kontra ya karatasi hakuondoe haki: mfanyakazi anaweza kuhakikisha kazi yake kwa njia ingine, kama mashahidi ao karatasi za malipo. Na mwenye kuajiriwa siku kwa siku, akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi 2 na akiajiriwa tena mbele miezi hiyo iishe, sheria inamuhesabu kama mfanyakazi wa kudumu. Hicho ni kipengele cha 40. Wachukuzi na wafanyakazi wa mashamba wakijue.

Lakini mchimbaji wa Rubaya mwenye kugawana mawe na wenzake hana bwana kazi wa kumudai. Siku asiposhuka shimoni, hakuna franga. Kwake, musaada unabaki kwa familia na likelemba.

Afanye nini?

Mbele mimba ifike mwisho, amujulishe mkubwa wake kwa barua na kutunza kopi. Mtoto akizaliwa, aombe karatasi ya uzazi kwa materinite. Hiyo karatasi itamusaidia tena kuandikisha mtoto kwa etasivili ndani ya siku 90.

Jambo lingine: sheria inasema « bibi ». Wengi wetu tumetoa mahari lakini hatujaandikisha ndoa. Ndoa ya kimila inatambuliwa, ila bila karatasi bwana kazi anaweza kukatala. Ni vizuri kuiandikisha mapema.

Akikataliwa, ao siku zikikatwa kwa mshahara, aende kwanza kwa inspekta wa kazi, mwenye kusikilizisha pande mbili. Wakishindwa kuelewana, ndipo mambo yanafika tribinali. Kama vita ao barabara imefunga njia, atunze barua, karatasi ya uzazi na ya malipo mahali pazuri mpaka njia ifunguke.