Jopo la wataalamu wa ugonjwa wa IgG4

Jopo la wataalamu wa ugonjwa wa IgG4 ni kikao cha madaktari wa fani mbalimbali wanaojadili kwa pamoja mgonjwa anayedhaniwa kuwa na ugonjwa wa IgG4, yaani maradhi ya mfumo wa kinga yanayoleta uvimbe na makovu katika viungo vingi vya mwili.

Sababu za kuwepo

IgG4 ni mojawapo ya aina nne za kingamwili za kundi la IgG. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walieleza kuwa wagonjwa wenye uvimbe wa kongosho unaosababishwa na kinga walikuwa nayo kwa wingi katika damu. Baadaye ilitambulika kwamba maradhi hayo hushika pia mirija ya nyongo, tezi za mate na za machozi, figo, na tishu zinazozunguka aota.

Hatari yake kubwa ni kufanana na saratani. Mtu mwenye macho ya manjano na uvimbe kwenye kongosho anaweza kufanyiwa upasuaji mkubwa wa kuondoa sehemu ya kongosho na utumbo, kumbe vidonge vya steroidi vingetosha kuupunguza. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu saratani iliyodhaniwa kuwa IgG4 huachwa ikaenea. Kipimo cha damu hakimalizi ubishi: wagonjwa wengi huwa na kiwango cha kawaida, na baadhi ya wenye saratani ya kongosho huwa na kiwango cha juu.

Utaratibu

Daktari wa mgonjwa hutoa historia, na mtaalamu wa radiolojia huonyesha picha za CT au MRI. Mtaalamu wa patholojia husikilizwa kwa makini kuliko wote. Chini ya darubini hutafuta tishu iliyojaa seli za kinga, makovu yaliyopishana kama ukili wa mkeka, na vena zilizoziba. Seli zenye IgG4 huhesabiwa pia, ingawa hesabu hiyo peke yake si uthibitisho. Madaktari wa ini, figo, macho na baridi yabisi huongeza maoni yao kadiri ya kiungo kilichoathirika.

Tiba ya kwanza kwa kawaida ni prednisoloni, na uvimbe hupungua katika wiki chache. Hata hivyo limfoma nayo hunywea kwa steroidi, hivyo inafaa kipande cha tishu kichukuliwe kabla ya dawa kuanza. Ugonjwa hurudi mara nyingi dozi inapopunguzwa. Hapo jopo huweza kushauri rituksimabu. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha inebilizumabu, dawa ya kwanza kuidhinishwa huko mahususi kwa ugonjwa huu.

Nchini Uingereza

Majopo ya namna hii yalienea kwanza katika tiba ya saratani, hasa baada ya ripoti ya Calman na Hine ya mwaka 1995. Kwa IgG4, hospitali za Oxford na London zilianzisha kikao cha pamoja kinachopokea wagonjwa wa mikoa mingine. Uamuzi wake ni ushauri: anayemweleza mgonjwa na kukubaliana naye juu ya tiba ni daktari wake mwenyewe.