Sanamu Juu ya Fedha, Kutoka Roma Hadi Karagwe

Ndugu msomaji, litazame neno dinari, ambalo wazee wetu wa pwani walilipokea kwa Waarabu. Asili yake ni denarius, sarafu ya fedha ya Warumi, iliyoanza kupigwa mnamo 211 K.K., walipokuwa vitani na Hannibal. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Roma, mungu wao wa kike, mwenye chapeo ya mbawa. Upande wa pili mapacha Castor na Pollux juu ya farasi, waliosadikiwa kushuka vitani kuwasaidia Warumi. Mwaka 137 K.K. ikatoka nyingine, yenye mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus.

Utasema ni hekaya tu. Lakini mtazame Julius Caesar. Miaka michache kabla ya kuuawa alipiga fedha yenye kichwa cha Venus, na nyuma yake Aeneas, mwana wa Venus, amembeba baba yake wakiukimbia mji wa Troy. Maana yake: mimi ni wa ukoo huo, basi nani atanipinga? Mwaka 44 K.K. akatia kichwa chake mwenyewe.

Sasa twende Karagwe, nchi ambayo leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Wafalme wa huko hawakupiga sarafu. Lakini nao walisema babu yao Ruhinda ni mwana wa Wamara, katika wale Bachwezi waliotambikiwa na watu. Na madini waliyatumia kwa kazi ile ile. Bweranyange, makao yao, walihifadhi ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, pamoja na nyundo, alama za ufalme. Stanley alipofika kwa Rumanika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye ng'ombe na bata wa shaba. Tofauti ni kwamba sanamu hizo zilikaa ndani. Raia hakulazimishwa kuzitia kibindoni.

Katika kununua na kuuza zilipita shanga na simbi, simbi hizi za bahari yetu. (Waganda mpaka leo fedha huiita ensimbi.) Waliozipeleka ni Waarabu na watu wa pwani waliokuwa na kituo Kafuro, wakarudi na pembe, na, tusifiche, na watumwa. Hao walijua fedha isiyo na sanamu. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, mwaka 77 Hijria (696-697), aliziondoa picha katika dinari akaweka maneno ya Qur'ani, na masultani wa Kilwa kadhalika walipiga sarafu za shaba zenye maandishi matupu.

Kisha wakaja Wajerumani. Rupia ya fedha ya kampuni yao, ya mwaka 1890, ilimwonyesha Wilhelm amevaa chapeo yenye tai, na tai ndiye ndege wa Jupiter katika fedha za Warumi. Katika rupia za tangu 1904 kichwa hicho kilizungukwa na Kilatini kitupu: Guilelmus II Imperator. Kodi ya nyumba, iliyowekwa nchini mwaka 1898, ilipotakiwa kwa fedha taslimu, mkulima wa ndizi wa Karagwe ilimbidi aitafute rupia ile kwa jasho, akamrudishie mwenye kichwa kile kichwa chake. Wajerumani walimwita Kaiser, na jina hilo ni Caesar yule yule.