Kilomita 50 za Pwani ya Mexico

Ndugu msikilizaji, juma hili tuiache kwanza Bahari ya Hindi tuende mbali kidogo, hadi Pasifiki. Katika pwani ya magharibi ya Mexico kuna ghuba kubwa iitwayo Bahía de Banderas, yaani Ghuba ya Bendera. Ndani yake umo mji wa watalii wa Puerto Vallarta, na kusini ya mji huo, mahali ambapo milima yenye misitu inaingia moja kwa moja baharini, kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Yelapa. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kufika huko isipokuwa ya bahari, na hata leo wageni wengi wanaingia kwa boti.

Boti zenyewe huitwa panga. Usishtuke, si panga la kufyekea. Ni chombo chembamba cha faiba chenye pua iliyoinuka na injini ya kupachika nyuma. Alfajiri kinakwenda kuvua, na mchana kinabeba abiria, vyakula vya dukani, mitungi ya gesi, na Wazungu waliobabuka kwa jua.

Wazungu hao ndio mazungumzo yetu ya leo. Simsemi mtalii wa siku tatu anayepiga picha na kuondoka. Nawasema wale waliokwenda wakakaa. Walianza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1960. Walikuwa Wamarekani na Wakanada, wachoraji, waandishi wasiouza vitabu, na vijana waliochoshwa na vita ya Vietnam. Baadaye wakafuata wastaafu, kwa kuwa pensheni isiyotosha Chicago ilitosha kabisa katika kijiji cha wavuvi.

Maisha yao ni ya kawaida kuliko tunavyofikiri. Nyumba nyingi walizopanga ni za makuti, nazo hazina ukuta upande wa bahari, upepo na mbu wanaingia wanavyotaka, na nge hukaa ndani ya makuti, kwa hiyo kila asubuhi viatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa. Gari halina kazi, kwa sababu njia za kijiji ni vijia vya mawe vya kupandisha mlima, na mzigo mzito ni kazi ya punda. Maji ya kunywa hununuliwa katika madumu ya lita 20. Umeme ulifika mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Kabla ya hapo ilikuwa mishumaa na taa, na samaki wa asubuhi alikuwa hana budi kuliwa siku hiyo hiyo. Mgeni hushuka ufukweni panga zinaporudi, akanunua samaki wake, akajaribu Kihispania chake kibovu kwa mke wa mvuvi. Wanawake wa hapo nao wanajulikana sana kwa kuuza pai wakitembea mchangani, pai za nazi, za ndimu na za chokoleti. Ni chakula cha Kimarekani kinachopikwa na mama wa Kimexico na kuuzwa kwa Mmarekani aliyekimbia Marekani. Biashara haina dini, wala haina uraia.

Mvua zikianza, mnamo Juni, wengi hurudi kwao kaskazini. Wanaobaki huvumilia joto na kusubiri vimbunga. Oktoba 2002 kimbunga Kenna kilipiga pwani ya San Blas, kaskazini ya ghuba hiyo, na mawimbi yake yakafika hadi barabara ya ufukweni ya Puerto Vallarta.

Sasa mwulize mgeni huyo, aliyekaa Yelapa miaka 20 na kupanda miembe uani, kama nyumba ni yake. Atakwambia si yake. Ardhi ya Yelapa ni mali ya jumuiya ya wenyeji asilia wa Chacala. Mwanajumuiya anaweza kumkodisha mgeni mahali pa kukaa, lakini jumuiya haiuzi ardhi. Mkataba ukiisha, nyumba na miembe yake hubaki hapo hapo.

Jambo hili lina historia ndefu, na bila kuijua mtu anaweza kudhani ni roho mbaya ya wanakijiji. Katika miaka ya 1820 Mexico, taifa changa, iliwakaribisha walowezi wa Kimarekani katika jimbo lake la Texas. Walikuja wengi mno. Mwaka 1830 serikali ilijaribu kuwafungia mlango, ikawa imechelewa. Mwaka 1836 walowezi wakajitenga, mwaka 1845 Texas ikaunganishwa na Marekani, na mwaka uliofuata vita vikaanza. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848 uliipa Marekani California na nchi nyingine kubwa, kwa malipo ya dola milioni 15. Mexico ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya eneo lake, na yote yalianza kwa wageni kupewa viwanja.

Halafu Wafaransa walishukia bandari ya Veracruz mwaka 1862 wakaja kumweka mfalme wao. Wamarekani wakaikalia bandari hiyo hiyo mwaka 1914. Kati ya matukio hayo mawili ulikuwapo utawala mrefu wa Porfirio Díaz, ambapo wageni walijipatia mashamba ya ukubwa wa kutisha, huku mkulima wa Kimexico akiwa kibarua juu ya ardhi ya babu yake. Mapinduzi yaliyolipuka mwaka 1910 yalikuwa, kwa sehemu kubwa, mapinduzi ya ardhi.

Ndiyo maana Katiba ya Februari 5, 1917, katika Ibara yake ya 27, iliandika sharti ambalo lipo mpaka leo: mgeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 100 kutoka mpakani, wala ndani ya kilomita 50 kutoka baharini. Kwingineko anaweza kuruhusiwa, lakini akubali kwanza kwamba hataiita serikali ya kwao imtetee katika shauri la ardhi hiyo. Waliotunga maneno hayo walikuwa wanafikiria manowari. Mstaafu mwenye kofia ya majani na ndoana hakuwamo katika mawazo yao.

Mstaafu huyo aliletwa na sinema. Mwaka 1963 mwongozaji John Huston alikwenda Mismaloya, kusini kidogo ya Puerto Vallarta, kupiga filamu ya "The Night of the Iguana". Mcheza mkuu alikuwa Richard Burton, naye alifuatana na Elizabeth Taylor, ambaye hakuwamo katika filamu. Walipofika huko kila mmoja bado alikuwa na ndoa yake kwingine. Waandishi wa habari wa dunia nzima wakamiminika. Mji ambao hapo awali ulijulikana na wachache ukawa kwenye kila gazeti, Burton akanunua nyumba mlimani, na mtaa wenyewe ukabaki na jina la Gringo Gulch, Korongo la Wagringo.

Huston alifanya vingine, na kwa maoni yangu alifanya vizuri zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 alihamia Las Caletas, ufukwe uliofikika kwa boti tu, akaukodi kutoka kwa jumuiya ya Chacala kwa miaka 10, na nafasi ya kuongeza 10 mingine. Mwisho wake, ardhi na kila alichojenga vingerudi kwa wenyewe. Hakulalamika kwa hilo. Alifariki Marekani mwaka 1987, na leo watalii wanapelekwa Las Caletas kwa mashua kula na kuogelea.

Wengi hawakuridhika kuwa wapangaji, na serikali ilihitaji dola zao. Katika miaka ya 1970 ilitafutwa njia, nayo inaitwa fideicomiso. Kwa Kiswahili tuiite amana. Benki ya Mexico hushika hati ya kiwanja, na mgeni huandikwa kuwa mnufaika: hukaa, hupangisha, huuza haki yake, huirithisha wanawe, na kila mwaka huilipa benki ada. Muda ulikuwa miaka 30, na sheria ya Desemba 1993 ikaufanya 50, nao unaweza kuandikwa upya. Katiba haikuguswa hata nukta, ila kilomita 50 zikawa na mlango wenye karani wa benki.

Na msikilizaji asije akadhani kwamba kila mgeni alipitia mlango huo. Huko Punta Banda, karibu na Ensenada katika Baja California, Wamarekani walijenga nyumba nzuri za ufukweni kwa mikataba ya kukodi kutoka kwa ejido, yaani kijiji cha wakulima waliogawiwa ardhi na serikali. Ejido hiyo ilikuwa imepewa eneo hilo kwa amri ya rais ya mwaka 1973. Waliojiita wenye mali wa asili wakaenda mahakamani, wakakaa huko miaka mingi, na hatimaye Mahakama Kuu ya nchi ikawapa haki. Oktoba 2000 maofisa walikuja na polisi, na wazee wenye akiba ya maisha yao yote ndani ya kuta hizo wakatoa makochi na majokofu nje. Wako waliocheka. Mimi sioni cha kuchekesha hapo, kwa sababu mzee aliyetolewa nje ni mzee, awe ametoka San Diego au Sinza.

Lakini upande wa pili wa ghuba tulioanza nao lilitokea jambo lisiloandikwa sana katika magazeti ya Marekani. Mwaka 1992 Ibara ya 27 ilibadilishwa ili wanaejido waweze kujigawia hati na kuuza. Wakati huo huo rasi ya Punta Mita, ncha ya kaskazini ya ghuba, ilikuwa inatazamwa na wajenzi wa hoteli. Wavuvi wa Corral del Risco, waliokuwa na nyumba zao na panga zao mbele ya maji, walihamishwa katika miaka hiyo ya 1990 na kujengewa kijiji kingine jirani. Mwaka 1999 hoteli ya kifahari ilifunguliwa katika rasi hiyo, na viwanja vya gofu vikafuata. Hakuna manowari iliyokuja. Karatasi zote zilipigwa mihuri ya Mexico.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa zile kilomita 50. Zilitungwa kumzuia mwenye bunduki, na hazikuwa na dawa ya mwenye fedha. Huko Sayulita, mahali palipokuwa pa wavuvi na vijana wa kuteleza juu ya mawimbi, kijana wa kijiji anayetaka kuoa hutafuta kiwanja mbali na maji, kwa kuwa bei ya mbele ya maji huandikwa kwa dola. Mgeni anayekaa hapo pengine ni mtu mwema, anasalimia, analipa vizuri fundi na mpishi. Wema wake haushushi bei.

Ufukwe wenyewe bado ni wa umma. Mita 20 kutoka mstari wa maji makuu ni mali ya taifa, na sheria ya mwaka 2020 iliongeza faini kwa anayemfungia mwananchi njia ya kupita. Mwaka 2013 baraza la chini la bunge lilipitisha pendekezo la kuwaruhusu wageni wamiliki nyumba za kukaa pwani bila benki, likakwama katika Seneti. Amana za kwanza za miaka 50 zitaanza kufika ukomo mwishoni mwa 2043, na zitaandikwa upya mezani mwa benki. Yelapa, mkataba wa mgeni ukiisha, neno ni la wanajumuiya wa Chacala.