Miembe ya Mahameni

Mtu akaaye katika vijiji vya Kisarawe au Kibaha, afunguapo dirisha alfajiri, huona mambo aliyoyazoea: mama aendaye kisimani na ndoo kichwani, kijana asukumaye baiskeli yenye magunia ya makaa, kuku wakichakura chini ya mkorosho. Kwa kuwa huyaona kila siku, hudhani kwamba hayana habari ya kusimuliwa. Lakini yote yaonekanayo dirishani yana historia yake.

Tuanze na shamba. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika. Mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa pwani yetu na Wareno katika karne ya 16. Mwembe asili yake ni Bara Hindi. Watu wa kale waliipokea mimea hii ya ugeni, wakaitunza, hata leo mtoto alaye kisamvu hadhani kabisa kwamba ni chakula kilichovuka bahari.

Kisha kuna reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Tangu hapo mji ukawa jirani wa mkulima. Mwaka 2024 gari la moshi la umeme nalo lilianza kupita katika reli mpya upande huo huo.

Sasa tutazame mbali zaidi. Katikati ya pori huonekana miembe mikubwa na minazi michache, wala hapana nyumba. Hayo ni mahame. Wazee wa Kizaramo walikaa katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika, kila jamaa na miti yao, na makaburi yao karibu. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitoa amri kwamba watu wote wa mashamba wakae katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kusudi lake lilikuwa kuwasogezea shule, maji na dawa, na mahali pengi shule zilijengwa kweli. Lakini wengi nchini walihamishwa kwa nguvu, wakaiacha miti yao ikizaa bila mchumaji.

Yafaa tukumbuke kwamba kwa desturi ya pwani mti ni mali yake aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Kwa hiyo mwembe wa mahameni ni kama hati, ila maandishi yake yamo vichwani mwa wazee tu. Siku hizi Dar es Salaam yapanuka, na mashamba ya Kibaha na Kisarawe yakatwa viwanja. Mnunuzi huona pori tupu. Na kijana auzaye huenda hajui kaburi la babu yake liko wapi. Mzee ajuaye akifa, hati ile imepotea.

Basi, ndugu wasomaji, tukae na wazee wetu wakingali hai, tuwaulize habari za miti ile. Tuandike katika daftari: nani aliupanda, nani amezikwa karibu yake, mpaka ulipita wapi. Daftari hilo halitauzuia mji usije. Lakini utakapokuja, utawakuta wenyeji waijuao nchi yao na wawezao kuisemea.